Wimbo na Mizani

Sisi watu wa mashairi tunapolitaja neno mizani, aghalabu tunakusudia silabi. Tunahesabu nane kwa nane, na mshororo ukipungukiwa na mizani moja tu, sikio hulalamika kabla ya akili kujua sababu. Ghalani na sokoni neno hilo hilo lina maana yake ya asili: chombo cha kupimia uzito, ili auzaye na anunuaye wasidhulumiane. Nimelitumia miaka mingi kwa maana ya kwanza bila ya kuishughulikia sana ile ya pili. Aliyenilazimisha kuzifikiria zote mbili kwa pamoja ni mzee mmoja wa Nambilanje, mkulima wa ufuta na mwimbaji wa ngoma. Nilijikuta nina deni lake bila ya kujua; nikataka kumlipa, naye akakataa.

Nambilanje ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera. Mtu wa visiwani huteremka kwa barabara ya pwani mpaka Mingoyo, akageukia upande wa Masasi, akaiacha barabara kuu penye Nanganga na kushika njia ya Ruangwa. Kuanzia hapo safari ni ya mikorosho na mashamba ya ufuta. Mimi sikwenda huko kwa utafiti. Mke wangu ana asili ya huko, na tulikwenda kwa msiba wa shangazi yake.

Siku ya tatu, shughuli za matanga zilipopungua, nilitoka kunyoosha miguu nikafika penye vibanda. Katika kimoja alikuwepo kijana mwenye kompyuta ya mapajani, na juu ya bati lake paneli ya sola. Biashara zake ni mbili: kuchaji simu na kuingiza nyimbo. Kwa shilingi 500 humjazia mteja memori kadi yake kwa nyimbo azitakazo: bongo fleva, singeli, taarabu, kaswida, na zile alizoziita ngoma za kwetu. Nilimwambia anitilie hizo za kwao. Mmoja katika hizo ulikuwa wa sauti ya mwanamume mtu mzima, ngoma mbili nyuma yake na watu wakiitikia kwa Kimwera. Katika orodha ya simu uliitwa Ngoma ya Zamani 3. Usiku ule niliusikiliza mara nyingi kwa sauti ya chini, ingawa maneno niliyoyaelewa ni machache mno.

Kesho yake nilimpa shemeji yangu simu ili anifasirie. Akasikiliza kidogo, akacheka, akasema ni wimbo wa kumtania mtu aliyekwenda mbali kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Kisha akanionyesha kwa kidevu mzee aliyekaa mwisho wa mkeka, mjomba wa mke wangu, akaniambia nimuulize mwenyewe. Kumbe ndiye. Mgeni mmoja alimrekodi kwa simu katika ngoma ya baada ya mavuno. Kutoka simu ile wimbo ukaenda simu nyingine, ukafika kibandani, na kutoka kibandani ukafika mfukoni mwangu. Mzee alijua kwamba wimbo wake unatembea. Hakuwahi kupata hata senti moja.

Nilitahayari. Mjomba wa mke ni mkwe, na mkwe haingii mtu deni naye kwa siri. Nikatoa noti ya shilingi 10,000 nikampa kwa mikono miwili. Aliitazama, akanirejeshea taratibu. Aliniambia, kwa upole wa mtu mzima anayemsahihisha mtoto, kwamba ikiwa ile ni sadaka, basi wafiwa wapo, niwape hao. Na ikiwa ni bei, angependa kujua nimepima kwa kipimo gani. Ufuta wake ukipelekwa katika chama cha ushirika, alisema, yeye husimama pale pale mizani inaposoma kilo, na haondoki mpaka apewe stakabadhi. Huu wimbo ulipopimwa yeye hakuwepo. Na stakabadhi yake iko wapi?

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Nianze na hoja ya kijana wa kibandani, kwa sababu si hoja ya kudharauliwa. Nilipomrudia na kumweleza yaliyonikuta, alinijibu kwamba wimbo haukupungua. Angechukua gunia la ufuta la mzee, mzee angelala na upungufu wa gunia. Ameuchukua wimbo, na mzee anao vile vile. Tena sasa anajulikana mpaka Ruangwa mjini. Amedhulumiwa nini?

Msomaji atakumbuka kwamba hata sisi watu wa pwani tumeishi kwa hoja hiyo. Shairi jema halikufungiwa sandukuni. Lilighaniwa barazani, likashikwa na masikio, likaenda Pemba na Lamu kwa jahazi bila ya mtunzi kuombwa ruhusa. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na sehemu kubwa ya mashairi yake ilibaki katika vichwa vya watu. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafasiri maana zake, Mwingereza W. E. Taylor akayaandika, na Hichens akayachapisha mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Lau kila aliyelikariri shairi la Muyaka angeitwa mwizi, Muyaka angepotea.

Basi kunakili peke yake si dhulma. Lakini tuangalie vizuri hoja ya kijana imethibitisha nini. Imethibitisha kwamba hakuna kitu kilichoibwa. Haikuthibitisha kwamba hakuna deni lililozaliwa. Mwalimu wa chuoni hapungukiwi na herufi hata moja anapomfundisha mtoto kusoma. Alif yake inabaki kwake, na mtoto anapata yake. Hata hivyo hatujaona mzazi mwenye haya akisema kwamba kwa kuwa mwalimu hakupungukiwa, hadai kitu. Deni halizaliwi na upungufu pekee. Huzaliwa pia pale mtu anapofaidika kwa kazi ya mwenziwe, na hasa pale anapoigeuza faida hiyo kuwa fedha.

Na hapo ndipo baraza na kibanda vinapoachana. Aliyekariri shairi la Muyaka barazani hakuliuza. Lakini wimbo wa mzee wa Nambilanje ulipofika kwangu, kila mkono ulioupitisha ulikuwa umepata chake: aliyeuza simu, aliyeuza memori kadi, kampuni iliyouza bando, kijana aliyepokea shilingi 500. Katika mnyororo mzima mkono mmoja tu ulitoka mtupu, nao ndio ulioanza. Haiwezekani kuwaambia wote waliopata kwamba wimbo una thamani, kisha kumwambia aliyeuimba kwamba hauna kwa sababu haupungui.

Kuna jambo jingine. Washairi wetu walikubali mashairi yao yatembee bure, lakini hawakukubali yatembee bila ya jina. Ndiyo maana ubeti wa mwisho mara nyingi humtaja mtunzi, mji wake na wakati mwingine nasaba yake. Ule ulikuwa muhuri: chukua maneno, lakini uyachukue pamoja na mimi. Wimbo niliouchukua mimi uliitwa Ngoma ya Zamani 3. Mzee alikuwa hai, amekaa mkekani, naye tayari amegeuzwa kuwa zamani, tena zamani ya tatu.

Watu wa kusini si wageni wa jambo hili. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vilipokuwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi na kuingia bara mpaka Masasi na Newala, akiwa na mashine ya kunasia sauti juu ya silinda za nta. Aliwaimbisha watu mbele ya pembe ya mashine, akazichukua sauti zao mpaka Ujerumani, na zikaingia katika hazina ya sauti ya Berlin, hazina ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 1999 miongoni mwa kumbukumbu za dunia. Ni jambo la kushukuru kwamba sauti zile hazikupotea. Lakini mizani ilikuwa mkononi mwa nani? Walioimba walibaki, silinda zikaenda.

Kwetu visiwani mambo yalikwenda kwa njia ya biashara. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na sauti ya mwanamke aliyetoka Fumba ikasikika katika kila bandari ya Waswahili. Baada ya hapo zikaja santuri za Mombasa na Nairobi. Bendi nyingi za Tanzania zilivuka mpaka kurekodi Kenya, na zilizobaki ziliimba mbele ya vinasa sauti vya Radio Tanzania, nyimbo zikabaki katika kanda za redio. Kisha ikaja kaseti, na pamoja nayo wasambazaji wa Kariakoo. Mwimbaji aliuza masta yake kwa fedha za mara moja, au aliambiwa zimeuzwa kanda kadhaa, akaamini. Hakuwa na njia ya kuhesabu. Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999 na COSOTA kuanza kazi mwaka 2001, swali lilibaki lile lile: nani anazihesabu kanda zinapotoka kiwandani, na nani anazihesabu zile zisizotoka kiwandani?

Katika zama zote hizo kilichopimwa kilikuwa chombo: silinda, sahani ya santuri, kanda. Na mwenye lebo, mkubwa au mdogo, alikuwa kwanza kabisa mwenye ghala. Alilipia studio, alilipia kiwanda, alilipia usafirishaji, na kwa kuwa chombo kilikuwa chake, mizani nayo ilikuwa yake.

Muziki wa kidijitali umekivunja chombo. Wimbo hauhitaji tena nta wala utepe. Kunakili hakugharimu kitu, na ghala limekuwa tupu. Mwaka 2024 zaidi ya thuluthi mbili ya mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalitokana na kusikiliza mtandaoni. Wengi waliliona hili kuwa ni ukombozi. Walisema dalali amekwisha: kila mwimbaji sasa atakuwa na duka lake mfukoni, na lebo ndogo ndogo zitakufa kwa kukosa kazi.

Nusu ya utabiri huo ni kweli. Kwa mara ya kwanza tangu silinda za Weule ipo mizani inayoweza kuhesabu kila mara wimbo unapopigwa, mahali ulipopigwa na saa uliyopigwa. Mwimbaji wa kaseti hakuota jambo kama hilo. Lakini mizani kuwepo ni jambo moja, na mwenye mali kuiona inavyosoma ni jambo jingine. Spotify ilifunguliwa nchini Tanzania mwaka 2021. Katika huduma kama hiyo, ada ya msikilizaji kwa kawaida haiendi moja kwa moja kwa aliyesikilizwa. Huingia katika chungu kimoja, kikagawanywa kwa kadiri ya sehemu ya kila wimbo katika nyimbo zote zilizopigwa. Nikisikiliza mwezi mzima sauti moja tu ya Nambilanje, sehemu kubwa ya ada yangu itakwenda kwa watu ambao sikuwasikiliza kabisa. Tena tangu mwaka 2024 huduma hiyo hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Wimbo uliosikilizwa mara 900, yaani pengine na kila mtu anayejua Kimwera katika vijiji kadhaa, mizani inausoma sifuri.

Wasomaji wa mashairi wataelewa kwa nini jambo hili lilinikaa kooni. Katika mshororo, silabi moja ikipungua sote tunaisikia. Huku mara 900 za kusikilizwa hazina uzito wowote. Wenye huduma wana sababu zao: malipo madogo mno hayafiki kwa mtu yeyote, hupotea katika gharama za benki, na wapo wadanganyifu wanaojaza nyimbo bandia kwa maelfu. Sababu hizo ni za kweli. Lakini anayesema kwamba kipimo chako ni kidogo mno kupimika hajakupima. Amekusamehe wewe haki yako mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaofurahia kufa kwa lebo huru. Mzee wa Nambilanje hana barua pepe wala kadi ya benki, na hana haja ya kuwa navyo ili awe mwimbaji. Ukimwambia kwamba sasa yuko huru kwa sababu dalali ameondoka, umemwachia njia ndefu na giza lake. Anachohitaji ni mtu wa kati aliye mwaminifu: wakili anayeijua mizani, anayeisoma kwa niaba yake, na anayerudi kumwonyesha. Katika zama za santuri kazi ya lebo ilikuwa kumiliki chombo. Katika zama hizi chombo hakipo, na kilichobaki mkononi mwa lebo ni dhamana tu. Isipokuwa mwaminifu, haina kazi nyingine.

Na ipo mifano. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Ufaransa, Buda Musique, ilianza mfululizo wa Zanzibara kwa kuadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa, na katika vijitabu vyake mtu alisoma nani alitunga, nani aliimba, lini na wapi. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, na vijana ambao redio nyingi ziliwaona wahuni wakaanza kuitwa majukwaani Ulaya. Lebo za namna hii hutegemea sana maduka ya mtandaoni kama Bandcamp, lililoanza mwaka 2008, ambalo kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali na kuitangaza wazi asilimia hiyo. Sisemi kwamba mikataba yao yote ni ya haki. Sijakaa mezani pao. Ninasema tu kwamba makato yanayojulikana kabla ya mauzo ni mwanzo wa mizani.

Watu wa Lindi na Mtwara wana neno kwa kinyume chake. Wanaita kangomba: kununua korosho nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini, aghalabu kabla ya msimu, kutoka kwa mkulima aliyebanwa na shida. Mnunuzi hutoa fedha leo, mkulima anamaliza tatizo lake, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Ni kwa ajili ya kuzuia mambo kama hayo ndipo mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/08. Nao una lawama zake: malipo huchelewa, na makato yakizidi mkulima hunung'unika. Lakini hakuna mkulima niliyemsikia akilaumu kwamba mizani ipo.

Mkataba wa muziki unaweza kuwa kangomba pia. Mwaka 2019 Harmonize, kijana wa Kimakonde kutoka Mtwara, alipoiacha lebo ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, alisema hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500, na kwamba aliuza nyumba ili azipate. Watu waligawanyika. Wapo waliosema ni dhulma. Wapo waliouliza, kwa haki kabisa, nani alilipia studio, video na nguo za kijana huyo alipokuwa hajulikani. Lebo ilibahatisha, na mwenye kubahatisha ana haki ya kurejesha chake. Mimi sitaki kuwahukumu. Ninaangalia tu kwamba Harmonize mwenyewe alianzisha lebo, na baada ya miaka michache wasanii kadhaa wakaondoka kwake. Aliyepimiwa jana hushika mizani leo, naye hugundua kwamba mkono unaoishika hulemewa na tamaa ile ile. Ndiyo maana Surat al-Mutaffifin hufunguliwa kwa onyo kwa wapunjao vipimo, na halikubagua mkubwa na mdogo.

Basi nini tofauti baina ya mkopo wa haki na kangomba? Nadhani ni hii: katika mkopo wa haki anayekopa anajua deni ni kiasi gani, anaona linavyopungua kila wimbo unapouzwa, na anajua siku litakapokwisha. Katika kangomba hakuna anachokiona isipokuwa fedha za siku ya kwanza. Teknolojia ya kidijitali imeifanya tofauti hii kuwa nyepesi kutimizwa kuliko wakati wowote, kwa sababu hesabu zipo. Lebo iliyowahi kusema haijui kanda ngapi zimenakiliwa huenda ilisema kweli. Lebo ya leo isiyomwonyesha mwimbaji wake hesabu imechagua kutomwonyesha.

Limebaki jambo moja, nalo linanigusa kwa sababu linaunganisha kisiwa changu na nchi ile. Ngoma ya unyago ilikuja Unguja pamoja na watu wa kusini, na aliyeibeba mbele ya dunia ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013. Tulimpenda, na tukasahau kwamba unyago ni chuo, na si kila somo la chuoni huletwa uwanjani. Bi Kidude alijua nini cha kuimba jukwaani na nini cha kubakisha ndani. Mjini Nambilanje wapo nyakanga wenye ujuzi kama huo, na kila mwenye simu siku hizi anaweza kuingia na kutoka nao mfukoni. Kwa nyimbo za namna hii hata malipo mazuri hayatoshi. Kinachodaiwa ni idhini, na idhini ina maana tu ikiwa mtu anaweza kusema hapana. Mizani ya haki hupima kilicholetwa kuuzwa. Haimfuati mtu nyumbani kwake kupima kilicho uvunguni.

Siku ya kuondoka nilirudi kibandani nikiwa na mzee. Kijana alimwamkia shikamoo, akasogeza kigoda. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba katika kompyuta yake abadilishe jina la wimbo, aandike jina la mwenyewe. Mzee akaongeza la pili. Alitaka daftari. Kila atakapomwingizia mteja wimbo ule, achore mstari mmoja. Na katika kila shilingi 500, hamsini ziwe zake. Ufuta ukishauzwa watakaa chini wahesabu mistari. Kijana alicheka, kisha akaona mzee hacheki. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwomba hesabu. Nadhani alisema kweli, na nadhani kauli hiyo inatuhukumu sisi tuliokuwa wateja wake zaidi kuliko inavyomhukumu yeye.

Katika gari la kurudi Lindi niliuandika ubeti huu, mizani zake nimezihesabu mara mbili:

Wimbo hauna uzito, mizani haiupimi,
Hupita kama ni mto, husafiri kwa ulimi,
Ila deni lake zito, analijua mlimi,
Mwenye wimbo aonyeshwe, mizani na apimiwe.

Baada ya mauzo ya ufuta shemeji alinipigia simu. Walikaa na daftari. Mistari ilikuwa thelathini na saba. Hesabu yake ni shilingi 1,850, fedha ambazo hazifiki hata robo ya noti niliyompa mimi mkekani. Mzee alizihesabu, akaulizia mistari miwili iliyochorwa kwa wino tofauti, akaelezwa, akaridhika. Kisha akazipokea.